Unga wa Machicha

Wifi yangu hatupi kitu. Hilo mlijue kwanza, maana bila hilo mtamwona mtu mbaya, na mbaya si yeye. Vipande vya sabuni vilivyobaki vidogo kama kucha anavikusanya kwenye soksi kuukuu, anaifunga fundo, na wote tunaogea hiyo soksi. Shati la marehemu kaka yangu, Mungu amrehemu, liligeuka foronya, foronya ikageuka kitambaa cha kushikia sufuria, na kitambaa kilipotoboka akaona kinafaa kuzibia tundu la dirisha la jikoni. Mpaka leo kipo. Ukimwambia, "Wifi, tupa hiyo takataka," anakujibu, "Nitupe vipi, na bado inafanya kazi?"

Tunaishi nyumba moja, yeye upande wa barabarani, mimi upande wa jikoni, ua katikati. Kaka alipofariki watu walinishauri nihame, eti mawifi wawili ni paka wawili kwenye gunia moja. Nikasema tutapigana humo humo. Na tumepigana kweli! Mimi mdomo wangu hauna komeo, na yeye kiburi chake hakina mfuniko. Lakini hili ninalowasimulia sikulisema kwa mtu kwa muda mrefu, kwa sababu aibu ya nyumba ukiitoa nje inakurudia na wewe.

Nyuma ya nyumba kaka alipanda milonge kama uzio. Kaka hakuwa na habari na dawa, alitaka tu mbuzi wa jirani wasiingie. Wifi alipobaki mjane ndipo alipoanza kuyachuma majani yale. Mara ya kwanza aliyaanika juu ya bati, jua la saa sita, kwa haraka zake. Yalikauka upesi, sikatai, lakini yalitoka ya manjano, yananuka kama nyasi za bandani. Akaonja, akatema. Basi akakitoa kiti cha kaka sebuleni, akatoa na meza, akanyoosha vyandarua juu ya fremu za mbao, akafungua madirisha upepo upite, na sebule ikawa chumba cha kukaushia. Wageni tukaanza kuwakaribisha uani.

Kazi ile aliijua, tusimnyime haki yake. Majani aliyaosha, akayachambua kutoka kwenye vijiti, akayatandaza membamba, kwa sababu yakirundikana yanatoa jasho na yakitoa jasho yanaota ukungu. Aliyageuza kwa kiganja, polepole. Jani likivunjika kwa mlio na bado ni la kijani, ndipo anatwanga, anachekecha, anafungia kwenye kopo lisilopitisha mwanga. "Jua ni mwizi," alikuwa akiwaambia wanaokuja kununua. "Linakuachia jani, linachukua kilichomo." Watu wakapenda unga wake, wakampenda na yeye, wakamwita Daktari. Naye, badala ya kukataa, akaenda kuazima koti jeupe kwa muuza nyama!

Muuza nyama alikuwa akipita anapiga kelele dirishani, "Daktari, ukimaliza kutibu nirudishie koti langu, nyama zimeanza kunidharau!" Tukicheka, wifi anakunja uso. Yeye hakuona mzaha hapo.

Kisha yakaja mambo ya chupa. Watu wakaanza kutaka maji ya mlonge, mazito, ya kunywa kikombe kimoja asubuhi, maana mtu wa siku hizi hata kukoroga unga kwenye uji anaona kazi. Wifi akatafuta sufuria kubwa. Anajaza majani mabichi, anachemsha mpaka maji yanakuwa meusi, anachuja, anajaza chupa. Kwenye chujio linabaki rundo la majani yaliyolegea. Sisi tukayaita machicha, kama ya nazi iliyokwisha kukamuliwa. Mtu mwingine angemwaga kwa kuku. Lakini wifi yangu, si nimeshawaambia?

Akayaanika. Kivulini, kwenye chandarua, kwa heshima zote, kama mabichi. Yalipokauka akayatwanga, ukatoka unga laini sana, tena hauna uchungu. Nikamwambia, "Wifi, hayo umeshayakamua roho." Akasema, "Jani ni jani. Na huu siuzi, wala usiniangalie hivyo. Huu ni wa nyumbani." Hapo akajiona mwaminifu. Wateja wakapata ule mzuri, sisi wa ndani tukala machicha. Mfinyanzi hulia gaeni, ndivyo walivyosema wakubwa.

Mimi ningekula tu, mzee kama mimi nina nini cha kupoteza? Lakini nyumbani tulikuwa na mkwe. Mwanawe wifi ni dereva wa lori, leo yuko huku, kesho hajulikani, naye akamwacha mkewe hapa, kwa mama yake. Binti mpole, hana mama wala baba, amelelewa na ndugu huku na kule. Ukimpa kiti anaomba samahani kwa kukikalia. Mimi alikuwa akiniita shangazi kwa sauti ndogo mpaka namwambia, "Sema kwa nguvu, mimi si kaburi!"

Akapata mimba. Furaha ilikuwa kubwa, na wifi ndiye aliyefurahi kuliko wote. Vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki vikawa vinamchafua tumbo, akameza akatapika, akameza akatapika. Wifi akamwambia, "Viache, mwanangu. Damu yako iko jikoni kwangu." Unga ule wa kweli wenye uchungu, binti aliunusa tu akakimbilia nyuma ya nyumba. Huu wa machicha akaula bila neno. Basi wifi akawa anamwekea vijiko kwenye uji, kwenye mboga, kwenye maharage, mpaka maharage yakafanana na bwawa.

Lau angeishia hapo! Akatoka nao nje. Kisimani, dukani, kwa msusi, kote akatangaza: "Mkwe wangu hagusi kidonge. Miezi inakwenda, hagusi! Ni majani yangu tu." Wanawake wakamwangalia binti akipita, wengine wakaja kununua kwa sababu yake. Binti anainamisha kichwa, anatabasamu, anapita.

Nikaanza kuona mambo. Akifagia ua anasimama katikati kushika kiuno na kuhema. Anatafuna mchele mbichi, anauficha kwenye mfuko wa gauni. Midomo imepauka. Nikamwambia wifi, "Mtoto huyu hana damu." Akanijia juu. "Tangu lini umekuwa mganga? Kuchoka ndiyo mimba. Wewe ungejulia wapi?" Hilo la mwisho lilinichoma, maana mimi sikujaliwa kuzaa, naye analijua. Nikavaa viatu. Nikamshika binti mkono, nikasema tunakwenda kliniki sasa hivi, anayetaka kuja na aje, anayetaka kununa abaki anune.

Akaja. Amevaa koti la muuza nyama, kopo la unga mkononi. Nilitamani nitembee upande wa pili wa barabara.

Kliniki ilikuwa imejaa wajawazito, wamekaa kwenye mabenchi hadi mlangoni. Mtu mwenye haya angekaa kimya. Wifi akaanza mahubiri. "Mnamwona huyu? Hajagusa kidonge." Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamtazama binti, akasema, "Mbona amepauka hivyo?" Wifi bila kusita akajibu, "Ni rangi ya kwao." Jamani! Nikaangalia sakafu. Binti naye akaangalia sakafu, tukawa wawili.

Tukaitwa ndani. Mlango ulibaki wazi kwa ajili ya joto, na benchi la kwanza lilikuwa pale pale, kila sikio limesimama. Muuguzi akamtoboa binti kidole, akasoma kipimo, akasoma tena. Akamvuta kope ya chini. Ndani kulikuwa kweupe kama yai lililochemshwa. Akauliza, "Vidonge vya damu unameza?"

Binti akamtazama mama mkwe. Mama mkwe akajibu kwa niaba yake. "Vinamtapisha. Anakula huu." Akaliweka kopo mezani kwa kishindo.

Muuguzi hakumdharau, nasema haki ya Mungu. Alimimina unga kiganjani, akanusa, akagusa kwa ncha ya ulimi. "Hauna uchungu," akasema.

"Ndiyo uzuri wake."

"Mlonge ninaoujua mimi una uchungu, na unawasha kidogo. Mama, huu ulikaushwaje?"

Nikamtazama wifi. Huu ndio wakati, nikasema moyoni, sema. Kule kwenye benchi mtu alikohoa. Wifi akanyoosha kola ya koti. "Kivulini," akasema. "Majani mabichi, yakaoshwa, yakatandazwa kivulini. Jua ni mwizi."

Shingo yake ilikuwa inatoka jasho. Mimi ndimi niliyeona, kwa sababu nilisimama nyuma yake. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa fupi kuliko meza ile.

Nikashindwa kuvumilia. Nikasema, "Sista, kwa mfano tu. Mtu akiyachemsha kwanza sana, akachuja maji, kisha akakausha yale yaliyobaki?" Wifi akanikanyaga mguu kwa kisigino, kisawasawa. Niliumia, lakini nikaendelea kumtazama muuguzi.

"Basi ameyagawa, shangazi," muuguzi akasema. "Kuna vitu vinavyotoka na maji na kuna vinavyobaki kwenye jani. Vitamini C na ile foliki inayosaidia kutengeneza damu, hizo ukichemsha sana nyingine zinaharibika kwa moto na nyingine zinakwenda na maji. Vitamini A inaharibiwa zaidi na jua, kwa hilo mama amesema kweli. Chuma kinabaki kwenye jani kwa kiasi kikubwa, lakini chuma cha majani mwili unakipokea kwa shida, na kikikosa vitamini C ya kukisaidia, shida inazidi. Kwa hiyo anayekunywa maji tu amekosa, na anayekula machicha tu amekosa."

Alilitaja jina lenyewe, machicha, bila kujua. Wifi akalivuta kopo taratibu, akalishika tumboni.

"Na hata yakaushwe vizuri vipi," muuguzi akaendelea, sasa anamwambia binti, "hii ni mboga. Mboga nzuri, ule. Lakini damu ikishuka hivi mboga haitoshi. Meza vidonge baada ya chakula, hata kama vinakuchafua. Wiki ijayo urudi nipime. Isipopanda nitakupeleka hospitali kubwa. Mimba imekua hii. Ukijifungua na damu ya namna hii, unaweza usirudi nyumbani. Umenielewa?"

Binti akasema ameelewa. Tukatoka. Tulipita mbele ya benchi lile, na hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi. Walitutazama tu. Tulipofika kwenye kona wifi alivua koti, akalikunja dogo, akaliweka kwapani.

Nyumbani tukakaa kula. Binti akachukua pakiti ya vidonge vipya, akaiweka juu ya kabati la vyombo. Akasema kwa ile sauti yake, "Nitaanza kesho, mama. Leo nakula unga wako." Akajichotea.

Nikangoja. Mkono wa wifi ulikuwa umeshika bakuli, vidole vimekakamaa. Kisha akasema, "Haya, mwanangu."

Haya, mwanangu! Nilimshika mkono nikamburuta mpaka chumba cha kukaushia, nikasukuma mlango kwa mgongo. "Wifi, unamuua mtoto wa watu."

"Sema polepole."

"Sisemi polepole! Umesikia alichoambiwa. Nenda kamwambie ni machicha, nenda kamwambie ameze."

Akakaa chini kati ya vyandarua. Sikuwahi kumwona mwanamke yule akikaa chini bila kazi mkononi. "Nimesema mbele ya watu ni mabichi," akasema. "Wote wamesikia. Leo niseme si mabichi, nitapita wapi? Nitamtazamaje yeye? Nilimlisha mkwe wangu makapi, wifi. Wateja niliwapa kilicho kizuri, mwanangu nikampa makapi." Akajifunika uso. "Nistiri. Nitabadilisha kopo kimya kimya, nimwekee ule mzuri, hatajua."

"Na vidonge? Vidonge navyo utabadilisha kimya kimya?"

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Alikuwa ameutangazia mtaa mzima kwamba mkwe wake hamezi, na hakujua namna ya kuyarudisha maneno mdomoni. Niliona haya kwa niaba yake mpaka masikio yakawaka. Huyu ndiye mke wa kaka yangu, mwanamke aliyemuuguza kaka bila kunung'unika, na sasa ameshikwa na jina lake mwenyewe.

Nikasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na hapa hakitakuumbua wewe, kitamchukua yule. Nakupa mpaka kesho. Usiposema wewe nasema mimi, na mimi unanijua, nikianza naanzia barabarani."

Asubuhi yake kulikuwa na mawingu. Nilikuwa jikoni nakuna masizi ya sufuria, nikasikia fagio limeanguka. Nikatoka. Binti alikuwa ameegemea ukuta wa ua, anateremka polepole, mkono mmoja tumboni, mpaka akakaa. Wifi naye akatoka mbio, viganja vya kijani.

"Si kitu, mama," binti akasema. Midomo ilikuwa haina rangi kabisa. "Ni jua tu."

Jua lipi? Nikaangalia juu, nikamwangalia wifi. Sikusema. Mara moja katika maisha yangu sikusema.

Wifi akapiga magoti kwenye vumbi. Akasema yote kwa pumzi moja, kama mtu anayetapika: "Mwanangu, ule unga ni machicha. Nilichemsha majani, maji nikauza, wewe nikakulisha yaliyobaki. Kule kwa muuguzi nilidanganya. Nilisema usimeze vidonge na sijui lolote kuhusu vidonge. Nisamehe. Mimi si daktari, mimi ni mwanamke wa hovyo tu anayekausha majani."

Binti alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Najua ni machicha. Dirisha langu linatazamana na la chumba unachoyaanikia. Nilikuona tangu mwanzo."

Wifi akawa kama hasikii. "Ulijua? Na ukala?"

"Ulikuwa unanipakulia mwenyewe," binti akasema. "Hakuna mtu aliyewahi kunipakulia. Ningekataaje?" Akapumzika kidogo, maneno yalikuwa yanamchosha. "Na vidonge... vile vya kwanza tumbo lilikuwa limeanza kuvizoea, mama. Ningeweza kumeza. Lakini ulikuwa umeshawaambia watu kwamba simezi. Niliogopa waje wajue, wakucheke. Nikasema nivumilie, si muda mrefu, nitajifungua yatakwisha."

Yatakwisha! Kumbe siku zote tulidhani binti anadanganywa, naye alikuwa akikauka kidogo kidogo ili sisi tusione haya. Uso wa wifi sijawahi kuuona vile, hata siku ya msiba wa kaka. Angeweza kuvumilia matusi. Angeweza kuvumilia binti akirudi kwao, kama angekuwa na kwao. Wema ule ulimshinda.

Nilikwenda nikaleta uji, nikamlisha kidogo, nikaleta pakiti ya vidonge na kikombe cha maji. Nikatoa kidonge kimoja nikamwekea kiganjani. Nikasema, "Meza."

Hakumeza. Alikishika, akageuza uso, akamtazama mama mkwe wake aliyepiga magoti pale kwenye vumbi, akangoja. Sikuelewa anangoja nini. Kisha nikaelewa. Alikuwa anaomba ruhusa.

Wifi alitikisa kichwa kukubali. Ilimbidi atikise tena, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa analia na binti hakuwa na uhakika.